Kiganja cha Mpima Joto

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu, alifanya kazi miaka ishirini na sita katika mtambo wa umeme unaoendeshwa kwa kuchoma miti, na katika miaka yote hiyo hakuchelewa hata siku moja. Ninaanza na hilo kwa sababu yanayosemwa juu yake siku hizi ni mengine. Wanasema alisinzia kazini. Wanasema alikuwa mlevi. Katika nyumba yetu hakuna mlevi na hajapata kuwapo, na huyu hata soda huibakiza nusu chupa.

Kazini walimwita Nondo, kwa sababu ya chombo chake cha kazi. Kila asubuhi saa moja, kabla mtu yeyote hajapanda juu ya lundo la kuni, yeye alichukua nondo ya mita nne iliyochongwa ncha, akaigongomea kwa nyundo ubavuni mwa lundo mpaka ikabaki kipande cha kushikia. Akaiacha humo dakika kumi. Kisha akaichomoa, akaishika ile sehemu iliyokuwa ndani kwa kiganja kitupu, na kuhesabu kwa sauti, watu wote wakisikia. Alifanya hivyo pande tatu za lundo. Akifika thelathini bila kuachia, lundo ni salama. Akiachia kati ya kumi na thelathini, wanasubiri na kupima tena. Akishindwa kufika kumi, hakuna kupanda hadi lundo lifumuliwe na kutandazwa lipoe. Akishindwa kufika tano, king'ora kinalia na yadi nzima inahamwa.

Mgeni angeweza kucheka. Lakini lundo la kuni zilizosagwa si kitu kilichokufa. Zile chenga za miti, zikiwa mbichi, zinaoza taratibu, na kuoza kunaleta joto. Zikirundikwa juu kupita kiasi joto halina pa kutokea. Linabaki katikati na kuongezeka siku hadi siku, mpaka moto unawaka ndani kwa ndani bila mtu kuwasha kiberiti. Nje unaona kilima cha kahawia kimetulia. Ndani pamekuwa shimo la makaa, na juu ya shimo hilo ndipo tingatinga linapopita.

Njia ya nondo aliianzisha mume wangu. Alikuwa msimamizi wa kwanza wa yadi ile, mtu mwenye diploma yake, si mtu wa kubahatisha. Vipimajoto vilivyokuja na mtambo vilikufa mwaka wa pili na havikuletwa vingine, naye akaona heri mkono wa mtu makini kuliko kutopima kabisa. Alimfundisha mdogo wake. Alipofariki waliweka kibao cha shaba chenye jina lake mlangoni mwa ofisi ya yadi. Nilikuwa nikipita pale kwa makusudi, hata kama njia yangu haikuwa hiyo.

Siku za mume wangu mtambo ulikula vumbi la mbao na mabaki ya kiwanda cha kupasua magogo, vitu vikavu ambavyo vingetupwa tu. Lundo lilikuwa na kimo cha mtu aliyeinua mkono. Baadaye likaongezwa boila la pili, kwa sababu mtambo ulikuwa sasa unapeleka umeme mjini, na mvuke hospitalini na kwenye viwanda viwili. Mabaki hayakutosha. Wakaleta matawi. Matawi nayo hayakutosha, wakaanza kuleta miti mizima kutoka msitu wa mlimani, na majani yake, na magome, mwishowe hata visiki vilivyong'olewa na udongo wake. Mashine ya kusaga ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni. Lundo likafika kimo cha nyumba ya ghorofa nne, na nyumba yangu, aliyoijenga mume wangu kwa jasho lake, iko nyuma ya ua wa waya wa yadi hiyo. Kamba yangu ya kuanikia nguo na lile lundo vilitazamana.

Langoni waliandika kwa rangi ya kijani: Nishati Safi, Mti Mmoja Ukikatwa Miwili Hupandwa. Nimefundisha jiografia miaka thelathini, kwa hiyo nilivaa viatu vya kutembelea nikapanda mlimani kuiona hiyo miwili. Niliona vijiti vyembamba kama penseli, vimepangwa mistari juu ya ardhi iliyokauka na kupasuliwa na magurudumu ya malori. Vingi vilikuwa vimekufa. Hesabu yao haikuwa ya uongo, ila waliacha miaka nje ya hesabu. Moshi wa mti mzee unapanda leo, na kijiti kitahitaji miaka sitini kuunywa, kikijaliwa kuishi. Kijito kilichoshuka kutoka kule, ambacho mume wangu na nduguye walichota maji wakiwa wadogo, kiligeuka rangi ya chai ya maziwa, na kiangazi kikakauka kabisa. Tukaanza kupanga foleni kwenye bomba la mtaa.

Shemeji alikuwa akiyaona hayo kila siku. Wakati mmoja alikuja kwangu na kipande cha gogo, akakiweka mezani.

"Nimehesabu duara zake," alisema. "Mia moja na kumi na nne. Mwenzake boila limemmeza kabla sijamaliza chai."

"Ukamwambia meneja?"

"Nikamwambia. Akanijibu, Mzee, wewe hesabu nondo, magogo yana watu wake."

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, mama yake alikufa mapema na mimi ndiye niliyemlea. Aliniita mama mkubwa, na ndivyo nilivyokuwa. Nilitaka awe mwalimu. Yeye akataka mashine, akaenda chuo cha ufundi, akarudi na leseni ya kuendesha tingatinga. Pale yadi wakampa jina la Kamanda. Kazi yake ilikuwa kupanda juu ya lundo, kusawazisha chenga mpya na kuzisukuma kuelekea kwenye mkanda unaolisha boila. Alipanda kila asubuhi kwa neno la baba yake, na kwa neno hilo tu.

Mimi nikianika nguo niliwasikia.

"Baba, leo lundo limeamkaje?"

"Limeamka vizuri kuliko wewe. Umechana nywele hizo?"

"Kofia ngumu haiulizi nywele."

"Mchumba ataziuliza."

"Basi nitaolewa na tingatinga. Halina maneno mengi."

"Lakini linakunywa," Nondo alijibu, na yadi nzima ikacheka. Kisha akaanza kuhesabu, na kicheko kikakatika, kwa sababu wakati wa kuhesabu hakuna aliyeongea. "Ishirini na nane. Ishirini na tisa. Thelathini! Panda, Kamanda!"

Siku iliyobadilisha mambo ilikuwa Jumapili alasiri. Alikuja kunitengenezea bawaba ya kabati la jikoni. Nilikuwa nimewasha jiko la umeme kuchemsha maji, kisha nikaliondoa birika, na ile sahani ya jiko ilikuwa bado nyekundu. Shemeji alikuwa ananisimulia jinsi meneja alivyoteleza kwenye tope mbele ya wageni, huku ameinua shingo kutazama bawaba. Akaegemea. Kiganja chake cha kulia kilitua sawasawa juu ya ile sahani.

Hakushtuka. Aliendelea kusimulia. "...na suti yake yote matope, anajifanya alikuwa anakagua udongo..." Mimi nilisikia harufu kwanza. Halafu nikaona moshi mwembamba ukitoka kati ya vidole vyake.

"Shemeji, mkono!"

Aliutazama kama anautazama mkono wa jirani. Akauinua polepole. Nilimvuta hadi kwenye sinki nikafungulia maji.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu lini nini?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Tangu lini huhisi?"

"Tangu mvua za mwaka jana. Ilianza ganzi kwenye ncha za vidole. Nikasema sugu tu hizi. Halafu ikapanda."

"Na kila asubuhi unahesabu thelathini."

"Nahesabu."

"Kwa mkono huu."

"Natazama pia, shemeji. Nanusa. Miaka ishirini na sita! Lundo lile nalijua kama nilivyomjua mke wangu."

"Mke wako naye ulijua anaumwa siku alipolazwa tu."

Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Maji yalikuwa yanamwagika juu ya kiganja kilichobabuka nyama, na yeye amesimama kama mtu anayeoshewa kikombe. Ndipo hofu iliponiingia sawasawa. Kwa zaidi ya mwaka mtoto niliyemlea alikuwa akipanda juu ya kitu ambacho hakuna mtu aliyekipima.

"Usimwambie mtu," alisema. "Nakuomba, usimwambie mtoto. Watasema nilikuwa nadanganya. Watasema na kaka alifundisha upuuzi."

Nisingekuwa mkweli kama ningesema kwamba nilimfikiria Kamanda peke yake wakati ule. Nilikifikiria kile kibao cha shaba. Niliwaona watu wakikisoma na kucheka. Kwa hiyo nikatoa shauri ambalo lilionekana la busara: aende hospitali kimya kimya wiki hiyo, na kwa sasa apimie nondo kwa upande wa ndani wa mkono wa kushoto, karibu na kiwiko, mahali ambapo ngozi bado ni laini na inahisi. Akakubali. Nikamfunga bandeji, nikamwambia avae glavu juu yake hadi atakapofika kwenye lundo. Mimi, niliyewachapa wanafunzi kwa kuficha vioo walivyovunja.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kwenye kamba mapema na shuka mkononi. Alichomoa nondo, akakunja mkono wa kushoto na kuibana nondo kwenye ngozi ya ndani. Wapakiaji waliokuwa wanasubiri wakaangua kicheko.

"Jamani, mzee anambembeleza nondo!"

"Mwacheni, mapenzi hayachagui!"

"Mzee, na busu mpe basi!"

"Kumi na mbili," Nondo alihesabu. "Kumi na tatu. Kumi na nne." Akaachia. Niliona mdomo wake ukijikunja kwa maumivu. Meneja alitoka ofisini akaonyesha malori yaliyopanga foleni hadi barabarani, yamesheheni magogo yenye majani mabichi.

"Mzee, leo vipi? Maboila yana njaa, hospitali wanapiga simu."

Wote walikuwa wanamtazama, wengine bado wanacheka. Shemeji yangu akavua glavu ya mkono wa kulia, akaishika ile nondo kwa kiganja chenye bandeji na kuanza upya. Alifika thelathini bila kupepesa jicho. "Panda, Kamanda."

Binti akapanda. Shuka lilikuwa limenidondoka kwenye udongo na sikuliokota. Nilijiambia, kumi na nne si tisa. Kwa sheria ya mume wangu kumi na nne ni kusubiri na kupima tena. Si hatari bado. Nilirudia namba hiyo siku nzima nikipika, nikifagia, nikisoma gazeti bila kuelewa hata mstari mmoja.

Jumanne ilinyesha. Mvua ilipokatika, lundo lilikuwa linatoa mvuke kama sufuria la maharage. Meneja alisema ni kawaida, jua likipiga kitu chenye maji kinatoa mvuke. Kweli, lakini mvuke ule ulitoka upande mmoja tu, upande wa kivulini. Na kulikuwa na harufu, tamu na chachu pamoja, kama siki iliyomwagika kwenye asali. Niliingiza nguo zangu ndani, zilikuwa zimeshika harufu hiyo.

Jumatano niliona kitu kingine. Juu ya lundo, karibu na katikati, palikuwa pamebonyea. Si sana. Kama godoro pale mtu anapolala kila siku. Nilikaza macho nikijaribu kujishawishi kwamba ni nyayo za tingatinga. Lakini kitu hakibonyei juu bila kupungua chini, hilo nilikuwa nimelifundisha mwenyewe kwa kuchora ubaoni.

Kamanda alipita karibu na ua akienda kunywa maji. Nikamwita.

"Mwanangu, pale juu pakoje siku hizi?"

"Pananesa, mama mkubwa. Unapita unahisi kama uko juu ya mkate. Hata napenda, hapanichoshi mgongo."

Nilisogea karibu na waya wa ua. "Kesho sema unaumwa. Usije kazini."

Alicheka hadi akashika mbavu. "Mama mkubwa! Mwalimu mkuu mzima unanifundisha utoro?"

"Nimesema usije."

"Una nini lakini? Umeota vibaya?" Alinyoosha kidole kupitia tundu la waya akanigusa mkono. "Baba amepima. Baba akisema panda, hata ningefumba macho ningepanda."

Nilipaswa kumwambia hapo hapo. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilimtazama akirudi kwenye mashine yake akiimba, na sikuyatoa. Jioni nilikwenda kwa baba yake, nikamkuta amekaa barazani, mkono umevimba. Nikamwambia kuhusu ule mbonyeo, kuhusu mkate. Uso wake ulibadilika rangi. Aliahidi, kwa jina la kaka yake, kwamba kesho kabla ya kupima atakwenda kwa meneja na kusema kila kitu. Niliondoka nikiwa nimeamini, kwa sababu nilitaka kuamini.

Alhamisi sikwenda kwenye kamba. Nilikwenda langoni. Mlinzi alinijua, lakini aliniambia bila kofia ngumu siingii, hata ningekuwa mama yake mzazi. Nikasimama nje ya lango, mahali ambapo yadi yote inaonekana. Ile harufu ilikuwa nzito, inakaa kooni. Malori kumi na saba yalikuwa kwenye foleni, niliyahesabu ili nisifikirie. Meneja alikuwa anatembea huku na huku akitazama saa.

Nondo alitoka na nyundo yake. Nilimwona akimwendea meneja. Nilimwona akifungua mdomo. Meneja alimwekea mkono begani, akamwambia kitu kifupi, akaelekeza kidole kwenye malori. Shemeji akainamisha kichwa na kwenda kwenye lundo.

Aligongomea nondo. Dakika kumi zile ndizo ndefu kuliko zote nilizopata kuishi, na nimekaa kitandani kwa mume anayekata roho. Kamanda alikuwa amekwisha kuliwasha tingatinga. Lilikuwa linanguruma chini ya mteremko wa kupandia, na yeye amekaa juu yake anakunywa chai ya chupa, ananipungia mkono.

Nondo ikatoka. Niliona hewa ikicheza juu ya ncha yake, kama inavyocheza juu ya lami mchana. Akavua glavu. Akashika.

"Moja. Mbili. Tatu."

"Shemeji, achia!"

Aligeuka akaniona. Nilidhani ataachia. Aliendelea. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, lakini mkono haukutetemeka hata kidogo. "Saba. Nane. Tisa."

"Kamanda!" Sikujua kwamba bado nina sauti ile. "Shuka! Mkono wa baba yako umekufa! Hausikii kitu! Mwaka mzima hausikii kitu!"

Wote wakageuka. Hata mashine ya kusaga mtu aliizima. Meneja alikuja langoni kwa haraka. "Mwalimu, tafadhali, hapa ni kazini, mambo ya familia yana..."

"Shika wewe hiyo nondo," nilimwambia.

Hakushika. Aliyeshika ni Kamanda. Aliruka kutoka kwenye tingatinga bila kulizima, akamkimbilia baba yake, akamtazama usoni, kisha akaishika nondo chini kidogo ya mkono wake. Hakufika hata mbili. Alipiga yowe, nondo ikaanguka, na ngozi ya kiganja chake ikabaki juu ya chuma. Baba yake alikuwa bado amekunja vidole kama anayeshika kitu. Alitazama mkono wa binti yake, halafu wake.

"Kamanda," alisema kwa sauti ndogo. "Kamanda, samahani."

Mtu fulani alibonyeza king'ora. Watu walianza kukimbia kuja langoni, na mlinzi akalifungua wazi, hakuna aliyeuliza kofia tena. Dereva wa shoveli, ile mashine ya kuchotea chenga, akidhani anaokoa, alichota ubavu wa lundo ili kulifumua. Hapo hewa iliingia. Nilisikia mlio kama mtu mkubwa anavuta pumzi, na lile tundu likageuka jekundu, kisha jeupe. Dereva alirudi nyuma kwa kasi, akaiacha shoveli na kukimbia. Halafu juu, pale palipobonyea, lundo likaingia ndani taratibu, bila kelele nyingi, na pale palikuwa na shimo ambalo ungeweza kutia nyumba yangu. Moto ulisimama kutoka humo wima.

Kamanda aliona hayo akiwa amesimama kando yangu, ameubana mkono kifuani. Pale ndipo angekuwa saa moja na dakika arobaini, kama kawaida yake. Hakulia. Alitapika miguuni pake chai yote aliyokunywa, akafuta mdomo, akauliza, "Baba yuko wapi?"

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa barabara, kiganja wazi gotini.

Moto uliwaka siku kumi na moja. Maji waliyopiga yaligeuka meusi na kutiririka hadi kwenye mfereji unaopita mtaani. Tulihamishiwa shuleni, mtaa mzima, na majivu yalitufuata huko, laini kama unga, yakakaa juu ya vyakula na kope za watoto. Hakuna aliyekufa. Wazee watatu walilazwa kwa kifua. Hospitali waliwaambia shemeji na binti yake kila mmoja habari ya mkono wake: wa binti utapona, utabaki kovu. Wa baba mishipa ya fahamu imekufa kwa kuunguzwa miaka mingi, kidogo kidogo, kila siku akifanya kazi yake vizuri.

Taarifa ya kampuni ina kurasa tatu. Shemeji yangu ametajwa mara kumi na moja, na kila mara neno uzembe liko karibu. Majani mabichi hayamo. Kimo cha lundo hakimo. Vipimajoto vilivyokufa miaka ishirini na nne iliyopita havimo. Waliniletea karatasi ya yeye kutia sahihi, wakidhani nitamsaidia kuisoma. Niliisoma. Nikawarudishia bila sahihi, pamoja na barua yangu, na nakala nikapeleka kwa mkuu wa wilaya na kwa wanaosimamia misitu. Niliandika jina la mume wangu kwa ukamilifu. Niliandika kwamba njia ya nondo aliianzisha yeye, kwa lundo kavu lenye kimo cha mtu, na kwamba ilikuwa njia ya muda, na kwamba hakuna mwenye akili timamu ambaye angeitumia kupima mlima wa miti mibichi. Niliandika pia kwamba mimi nilijua tangu Jumapili na sikusema hadi Alhamisi.

Wiki mbili shemeji hakunisemesha. Siku aliponisemesha tulikuwa tunamenya viazi, mimi namenya, yeye anaviosha.

"Ungeniambia mimi kwanza," alisema.

"Nilikuambia."

"Ungeniambia tena."

Akachukua kiazi kingine akaendelea kuosha.

Kamanda aliitwa kurudi kazini bandeji ilipotolewa. Alikwenda kutazama. Lundo jipya tayari lina ghorofa tatu, magogo sasa yanatoka msitu wa mbali, ng'ambo ya mlima. Wameweka vipimajoto vipya vyenye taa za kijani. Aliuliza waya wake unaingia ndani kiasi gani. Wakamwambia mita moja. Akawarudishia kofia ngumu, akaja nyumbani kwa miguu, akakaa jikoni na kuniambia, "Mama mkubwa, siwezi." Baba yake alikuwa mlangoni, akasikia. Alifunika uso kwa mikono miwili, ule unaohisi na ule usiohisi.

Sasa saa moja asubuhi tunakunywa chai watatu, madirisha tumeyafunga. Tunausikia mngurumo ukianzia chini, ukipanda mteremko, ukifika juu na kubadilika sauti pale ardhi inapokuwa laini. Hakuna anayeongea hadi ushuke. Dereva mpya hatumjui. Mlinzi ameniambia kwamba amehamia hapa na mke na mtoto mchanga, na kwamba ni mtu mchangamfu, anaimba akifanya kazi. Nimevaa viatu. Barua wanaweza kutoisoma, lakini mke wake nitamkuta nyumbani saa hizi.